Aliyefungua Geti la Mvua

Hili sikuhadithiwa msibani, wala sikulipata sokoni kwa watu wa maneno. Lilinipata mimi mwenyewe, saa nne asubuhi, nimeshakunywa uji na akili zangu zote zikiwa kichwani. Nataja saa kwa makusudi, maana najua ulikuwa unangoja nianze na usiku wa giza na bundi juu ya paa. Huku kwetu mambo ya namna hii hayangoji usiku. Yanangoja ukungu. Na ukungu wa milima ya Upare ukishuka, niamini, unanyoosha mkono mchana kweupe na kidole chako mwenyewe hukioni.

Kijiji chetu kiko juu ya Maore. Ukisimama kule bondeni ukakitazama, shingo inauma. Tunalima tangawizi, na barabara ya kuishusha ni moja tu, ya udongo mwekundu, imekata ubavu wa mlima kona kwa kona. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni hewa. Waliichimba babu zetu kwa majembe, kwa msaragambo. Kama hujui msaragambo, ni kazi ya wote: pembe inapigwa, kila kaya inatoa mtu na jembe, na kila mtu anapimiwa kipande chake. Anayepima ana fimbo. Anailaza chini mara kadhaa, mwisho wa kipande anaweka jani la mgomba na kuligandamiza kwa jiwe. Jani mpaka jani ni pako. Hujamaliza, huendi nyumbani.

Serikali ilikuja baadaye, barabara ikiwa tayari ina makovu. Ikatuwekea kibao cha uzito wa magari, na juu kabisa, pale mteremko unapoanza, ikatuwekea geti la mvua. Ni bomba la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili, lina kufuli. Mvua ikinyesha linafungwa, malori yanasimama mpaka barabara ikauke. Lori likipita kwenye tope linachimba mifereji, mifereji inabeba maji, na mvua ya pili inaondoka na kipande cha mlima. Ndiyo sababu ya sheria ile, na ni sheria nzuri.

Siku walipokuja kutusomea sheria hiyo, kijana mmoja mtaalamu kutoka Same, aliyevaa kizibao cha kung'aa, aliulizwa na mwenyekiti wetu, "Sasa nani ataamua kwamba barabara imekauka?" Akapekua makaratasi yake. Nikasimama mimi, mwanamke wa darasa la pili. Nikasema, "Kisigino."

Wakacheka. Nikavua ndala, nikaenda katikati ya barabara, nikakanyaga kwa kisigino kwa uzito wangu wote. Nikawaambia: alama ikijaa maji, lori lisipite. Ikibaki kama kidole kwenye ugali, lisubiri. Ikivunjika vunjika, lipite na dereva aende salama. Yule kijana aliandika yote. Siku hiyo hiyo nikapewa ufunguo.

Nikwambie ukweli, ufunguo ule ulinivimbisha kichwa. Madereva wakaanza kuniita Bibi Geti, nami nikaitika. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikawa natembea unalia. Na nikaacha kwenda msaragambo. Walikuja kuniita mara ya kwanza, nikasema mimi ni wa geti, sichimbi. Wakaja mara ya pili, nikasema vile vile. Kipande cha kaya yangu kiko kona ya tatu ukishuka. Mtaro wake ukajaa udongo na majani, na hakuna aliyenichimbia. Kwetu mtu hachimbi kipande cha mwenzake, labda awe mgonjwa au mfiwa, na mimi nilikuwa mzima kama jiwe.

Weka hilo kando kidogo, nikuletee mjukuu wangu.

Elisante ni mtoto wa binti yangu mkubwa. Nimemlea mimi tangu anatambaa. Alipopata leseni ya gari kubwa nilitembeza habari ile kijiji kizima kama mtu anayetembeza jogoo wa kuuza. Tajiri mmoja wa Same akampa lori, akamwambia, "Nakujaribu kwa safari moja." Safari yenyewe ikawa tangawizi ya kijijini kwetu. Ungekuwa wewe usingevimba?

Akapakia siku ya Jumatatu. Usiku ikanyesha. Jumanne ikanyesha. Jumatano asubuhi mvua ikakata, lakini barabara ilikuwa uji. Malori mawili yamesimama getini: la mbele la Elisante, la nyuma la Athumani wa Hedaru. Athumani ni dereva wa siku nyingi, ana ndevu za hina na mdomo usiopumzika.

Nikafika, Athumani akachungulia dirishani. "Shikamoo Bibi Geti."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala na tangawizi. Inanuka mpaka kwenye ndoto. Tufungulie, mama, au mnataka tuoe hapa hapa?"

"Kwa ndevu hizo nani atakupa binti?"

Akacheka. Elisante hakucheka. Alishuka akanijia, uso umemshuka. Kwa kawaida akiniona ananiita mke wangu, ndio utani wetu, na mimi namwita mume wangu asiyeleta sukari. Siku ile aliniita Bibi.

"Bibi, tajiri amepiga simu. Anasema mzigo usipofika Same leo mchana, gari anampa mtu mwingine. Amesema dereva wa kungoja jua anaye tele."

"Mwambie kuna geti."

"Nimemwambia. Anasema, si umesema geti ni la bibi yako?"

Unaona? Maneno yangu ya kujitapa yalikuwa yameshafika Same kabla ya tangawizi. Elisante akanivuta pembeni. "Tangawizi imeanza kupata joto ndani ya magunia. Nikikosa gari hili, Bibi, nani atanipa lingine? Nitarudi kuendesha bodaboda ya watu. Nitashuka polepole, gia ya kwanza, sitagusa pembeni."

Nikamtazama. Nikamwona anatambaa. Nikajua barabara ikoje, maana nilikuwa nimeipita alfajiri na ndala zilibaki kwenye tope. Sikuhitaji kukanyaga kitu. Lakini Athumani alikuwa anatazama, kwa hiyo lazima nikanyage.

Hapa ndipo sipendi kusimulia, lakini nitasimulia. Pale getini kuna kibanda changu cha bati, na bati limetokeza mbele kama ukingo wa kofia. Chini ya lile bati mvua haifiki. Nikavua ndala, nikasimama pale chini ya bati, nikakanyaga kwa kisigino. Vumbi likapasuka vizuri kabisa.

Athumani akasema taratibu, "Bibi Geti. Leo kisigino chako kimechagua mahali."

"Wewe utangoja," nikamwambia. "Lako lina mzigo zaidi."

"Nyie wa milimani mnatafuta kesi hata na Mungu."

Nikafungua kufuli, nikainua bomba. Elisante akapita, hakunitazama. Nikafunga. Nikasikia lori linanguruma kona ya kwanza, breki zinalia, halafu ukungu ukapanda kutoka bondeni kama maziwa yanayochemka, ukameza lori, ukameza geti, ukanimeza na mimi. Hata ule mngurumo ukakatika.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikaanza kuhesabu kona kwa vidole: sasa yuko ya kwanza, sasa yuko ya pili. Nilipofika kidole cha tatu ndipo nikakumbuka mtaro wangu. Mtaro ukijaa, maji yanakwenda wapi? Yanakatiza barabara. Na yakikatiza yanakwenda ukingo wa nje, upande wa hewa.

Ndipo pembe ikapigwa.

Nisikilize hapa. Pembe ya msaragambo ninaijua tangu mgongoni kwa mama. Miaka hii haipigwi, mwenyekiti anatuma ujumbe kwenye simu, na pembe yenyewe imening'inia ofisini kwake, mdomo umepasuka. Lakini ilipigwa. Mara tatu, kutoka chini, kutoka kona ya tatu.

Nikamwambia Athumani, "Umesikia pembe?"

"Pembe gani? Nasikia njaa tu."

Miguu yangu haikuniuliza. Nilichukua jembe nyuma ya kibanda, nikashuka. Ndala niliziacha. Nina miaka sitini na nane, magoti yangu yanalia kama mlango, na nilishuka mteremko ule wa tope bila kuteleza hata mara moja. Hilo lenyewe lingenishtua kama ningepata nafasi ya kushtuka. Kona ya kwanza, alama za magurudumu zimezama kina cha kiganja. Kona ya pili, lori lilikuwa limeserereka kidogo kuelekea nje, niliona lilipokwaruza majani. Kona ya tatu, nikapinda.

Lori lilikuwepo. Limesimama katikati, injini imezimwa, na mbele ya magurudumu kumewekwa mawe, yamewekwa vizuri, kama anavyoweka mtu mwenye uzoefu. Na mjukuu wangu alikuwa kwenye mtaro, kifua wazi, na beleshi la gari mkononi, anachimba kama aliyeahidiwa mke.

Nilitaka kulia. Nikasema, "Elisante."

Akainua kichwa. "Bibi, nimebakiza hatua tatu. Si umesema mpaka kwenye jani?"

"Jani gani?"

Akaonyesha kwa beleshi. Kweli, mbele yake kulikuwa na jani la mgomba, bichi, limegandamizwa kwa jiwe. Nyuma yake lingine.

"Nimesema saa ngapi mimi?"

"Bibi, usinitanie, nimechoka. Nimefika hapa nimekukuta umesimama katikati ya njia, mkono juu. Nikajua umepita njia ya mkato. Umeniambia zima gari, weka mawe, shuka. Nikakuuliza, si wewe umenifungulia? Ukasema aliyekufungulia geti si mimi." Akafuta jasho. "Nikadhani ni utani. Ukanipimia kipande."

"Na sasa hivi nilikuwa wapi?"

"Si huko mbele ulikokwenda kupima kingine."

Nikageuka kutazama alikoonyesha.

Mwanamke alikuwa ameinama barabarani, hatua kama kumi na tano, ukungu umempunguza miguu. Amenipa mgongo. Kanga ni yangu, ile ya maua ya njano iliyoungua pindo. Kilemba kimefungwa kushoto, ninavyofunga mimi kwa sababu ya sikio langu bovu. Na ule mgongo, wewe umewahi kuuona mgongo wako? Sikuwahi. Lakini niliujua. Una kinundu upande wa kulia, mahali nilipobebea maji maisha yangu yote. Alikuwa anatembea polepole katikati ya barabara, anakanyaga kwa kisigino, anatazama, anakanyaga tena.

Watu wananiuliza kama niliogopa. Nitasema nini? Ningeogopa kama kungekuwa na nafasi, lakini nilijaa hamu ya kujua. Nilitaka kumwona uso. Nilitaka kujua kama na yeye hana jino la mbele, kama ana kovu la moto kidevuni, kama macho yake yanatoka maji kwenye baridi. Mtu akikuambia kuna mwingine kama wewe hapo mbele, hatua kumi na tano, utakimbia kweli bila kutazama? Mimi nilikwenda.

Nikasimama nyuma yake. Nikasema, "Nani wewe?"

Hakugeuka. Akajibu kwa Kipare, kwa sauti yangu, lakini kama ile ninayoisikia wajukuu wakinirekodi kwenye simu, ambayo kila siku nasema si yangu. Akasema, "Mimi ni mwenye zamu." Kisha akauliza, "Na wewe?"

Swali dogo tu. Nikafungua mdomo niseme mimi ndiye mwenye geti. Halikutoka. Nikajaribu kusema mimi ndiye bibi wa Elisante. Nalo likakwama. Jina langu lenyewe nililitafuta nikaona liko mbali, kama kitu ulichosahau nyumba ya watu.

Akasema, "Nionyeshe kisigino."

Nikainua mguu wa kulia, nikashika jembe nisianguke. Sasa sikiliza, maana hili nimewaambia mpaka wachungaji na masheikh. Nilikuwa nimeshuka kona tatu za tope, miguu peku. Udongo wetu ukikushika hata sabuni unaikataa. Na kisigino changu kilikuwa kikavu. Kikavu kabisa, kina vumbi jeupe la chini ya bati. Nikatazama chini, nikatazama chake. Chake kilikuwa chekundu mpaka kwenye kifundo, na maji yanatiririka.

Hakunisema. Afadhali angenitukana. Alilaza fimbo yake chini mara tatu, akaweka jani, akaliwekea jiwe. "Hiki chako," akasema. Ndipo akageuza uso kidogo, shavu tu na ncha ya jicho, na nitakwambia nilichokiona: alikuwa amechoka. Amechoka kuliko mimi. Kama mtu aliyekuwa akifanya kazi ya wawili kwa muda mrefu.

Nikainama nikachimba. Ningefanya nini kingine? Nilichimba udongo wa misimu yote niliyosema sichimbi. Mizizi, mifuko ya plastiki, jiwe moja kubwa kama ndama, nalo nilipoligeuza maji yalitoka nyuma yake kwa kishindo, yakaacha kukatiza barabara, yakaingia mtaroni, yakakimbilia kalavati. Niliponyanyua kichwa nimpe habari, hakuwepo. Ukungu ulikuwa unapasuka, na barabara ilikuwa tupu mpaka kona ya nne.

Elisante alimaliza kipande chake akaja akakaa kando yangu. Nikamwambia, "Yule aliyekupimia si mimi."

Akasema, "Hata yeye alisema hivyo hivyo kuhusu wewe."

Jua lilitoka. Tukakaa. Simu yake iliita mara nne, mara ya tano akaizima. Saa nane nikaenda katikati ya barabara, pale pale maji yalipokuwa yanakatiza, nikakanyaga. Alama ikavunjika vunjika. Nikamwambia, "Nenda." Akaondoa mawe, akayatupa mtaroni, nikamfokea, akayatoa akayaweka pembeni panapostahili. Akashuka.

Wengine wakisimulia kisa hiki wanaongeza kwamba barabara ile ilikatika mbele ya macho yetu. Haikukatika. Nasema kweli tupu. Ipo mpaka leo. Labda angepita salama. Labda magurudumu ya nje yangezama na wangeniletea mjukuu kwenye blanketi. Sijui, na hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba alifika Same jua linazama, na tajiri alikuwa ameshatafuta dereva mwingine. Akachukua ufunguo wa gari mkononi mwa Elisante, palepale, mbele ya wapakuaji. Basi.

Lakini sijamaliza. Nilipanda kurudi getini, taratibu sasa, magoti yamerudi kuwa yangu. Athumani alikuwa amekaa kwenye kipago cha kupandia lori lake anakula muhogo. Aliponiona ninatokea chini na jembe, muhogo ulimponyoka.

"Umetokea wapi wewe?"

"Natoka kona ya tatu, tangu asubuhi. Si umeniona nikishuka?"

"Mama, usinifanyie hivyo, nina presha," akasema. "Wewe hujatoka hapa. Ulifunga geti, ukatoka ukakanyaga katikati ya barabara, kwenye tope, ukarudi ukakaa hapo ndani. Nimekusihi unifungulie mpaka mate yamekauka. Nimekuita mama, nimekuita shangazi. Unatikisa kichwa tu. Sasa hivi, kabla sijamenya huu muhogo, nilikuona."

Tukachungulia kibandani wote wawili. Kigoda kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na ufunguo wa geti. Nikashika pindo la kanga yangu, nilipoufunga asubuhi, baada ya kufunga geti, kwa mafundo mawili. Mafundo yapo. Ndani hamna kitu.

Hesabu yangu ni ya darasa la pili, lakini hiyo niliipiga. Chini nilimkuta mmoja. Juu Athumani alikuwa na mmoja. Na mimi katikati na jembe langu. Tulikuwa watatu siku ile, wote na kanga ya maua ya njano, na katika watatu mmoja tu ndiye aliyefungua geti.

Nilikwenda kwa mwenyekiti mwenyewe, sikungoja nishtakiwe. Kikao kikaitwa. Nikasema yote, na la bati nikasema. Mama mmoja akataka ninyang'anywe ufunguo. Mwenyekiti akakuna kichwa. "Jamani," akasema, "tukimwondoa aliyefungua, si tutamwondoa na yule aliyekataa?" Watu wakacheka. Nikaachiwa ufunguo, nikapewa kona ya tatu nzima, vipande vyote, niisafishe kila baada ya mvua. Naisafisha. Mara nyingine nafika nakuta pameshaanza kuchimbwa, udongo bado mbichi pembeni. Simwulizi mtu. Naendelea palipoachwa.

Elisante sasa anaendesha lori la kokoto huko Hedaru, Athumani alimwombea. Akija kutusalimu ananiletea sukari, ananibusu mkono. Lakini usoni ananitazama kama mtu anayetazama noti asiyojua kama ni halali. Jioni moja nilimwambia, "Mjukuu wangu, sema lililo moyoni." Akasema, "Bibi, yule wa kona ya tatu alininyima nilichotaka, na nikapoteza gari. Wewe ulinipa. Lakini nikiota ndoto mbaya usiku, ninayemwita ni yule." Nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Basi wewe unayeendesha, wewe unayeleta lori milimani kwetu msimu wa mvua, nakwambia kwa wema. Siku yoyote unaweza kunikuta getini, kanga ya njano, kilemba kushoto, nakuinulia bomba na barabara inang'aa maji. Nitakuwa nacheka. Nitakuita mwanangu. Nitakuwa na sababu nzuri, maana mimi sababu sikosi. Usinijaribu kwa maswali, kwani tunajua mambo yale yale. Usinitazame usoni, usoni hatupishani. Tazama barabara. Ikiwa na maji, zima gari, weka jiwe mbele ya gurudumu, ukae. Hata nikikusihi.